Askari wa Shaba na Jina Lake: Kuhusu Sanamu ya Wissmann katika Ua wa Chuo Kikuu cha Hamburg

Kwa mkazi wa Musonoi, au wa kambi nyingine yoyote ya wachimba migodi katika viunga vya Kolwezi, shaba ni kitu cha kila siku kabla hakijawa kitu cha sanaa. Huijua ikiwa jiwe lenye rangi ya kijani, ikiwa vumbi la njiani, ikiwa mabamba yaliyopangwa juu ya malori yaelekeayo mpakani. Katika sebule za jimbo letu huiona pia ikiwa picha iliyopigwa nyundo: mwanamke atwangaye, mvuvi katika mtumbwi, kichwa cha chifu. Ama sanamu ya shaba iliyomiminwa, yenye kimo cha mtu au zaidi, ikawekwa juu ya jiwe ili watu waitazame kwa kuinua shingo, hiyo ni fani tuliyoipokea kutoka kwa watawala, nasi bado hatujazoea kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya au utenzi.

Makala haya yanakusudia kuihakiki sanamu moja ya aina hiyo: ile ya Hermann von Wissmann, iliyofanywa na msanii wa Berlin, Adolf Kürle, ikasimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, kisha ikahamishiwa Ujerumani na kusimama tangu 1922 katika ua wa Chuo Kikuu cha Hamburg hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Huenda msomaji akauliza Lualaba ina nini na mambo ya Hamburg. Majibu ni mawili. Kwanza, Wissmann ni mtu wa historia yetu pia. Mwaka 1882 alifika Nyangwe akitokea pwani ya magharibi; baadaye, akitumikia azma ya Mfalme Leopold II, alichunguza Kasai na kuasisi mwaka 1884 kituo cha Luluaburg, jina ambalo mji wa Kananga ulilibeba kwa miaka mingi. Pili, na hili ndilo zito zaidi kwa jarida kama hili, ua ulioipokea sanamu hiyo ni ua wa taaluma yetu wenyewe. Huko Hamburg ndiko Carl Meinhof alikoanza kufundisha mwaka 1909 katika Taasisi ya Kikoloni, na huko ndiko isimu ya lugha za Kibantu ilikopata kiti chake cha kwanza. Kila mwanafunzi wetu anayejifunza ngeli za nomino anatembea, apende asipende, katika ua ule.

Kabla ya kuifikia sanamu yenyewe, yafaa tuseme neno kuhusu istilahi. Kiswahili hutumia neno moja, shaba, kwa madini yanayotoka ardhini na kwa mchanganyiko wake na bati ambao ndio hasa hutengenezewa sanamu. Ndiyo maana mshindi wa tatu katika michezo hupewa medali ya shaba, wala haulizwi mtu ina bati kiasi gani. Jimbo letu zima liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Mafundi wa sanamu hawapendi shaba tupu, kwa kuwa haijazi vizuri pembe za kalibu. Huitia bati kidogo ili imiminike na ikipoa iwe ngumu. Katanga ya zamani ilikuwa na vyote viwili, shaba ya Kolwezi na bati ya Manono. Tena tumezoea kumwita kila mwenye kazi hii mchongaji, ilhali kuchonga ni kupunguza: fundi wa gogo huondoa kisichotakiwa mpaka umbo libaki. Msanii wa shaba hufinyanga kwanza kwa udongo, umbo lake likatiwa kalibu, kisha shaba ikasubiwa ndani yake. Babu zetu waliijua kazi ya kusubu. Misalaba ya shaba iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ilimiminwa na watu ambao hawakuhitaji kufundishwa na mgeni, na mafundi wa kuyeyusha waliitwa wakula shaba. Kwa hiyo kilicho kigeni kwetu si ufundi. Kigeni ni wazo la kuimimina shaba katika umbo la mtu mmoja na kulikabidhi umbo hilo kazi ya kutawala uwanja.

Wissmann alitumwa Afrika Mashariki mwaka 1889 kuzima upinzani wa watu wa Mrima. Jeshi lake halikuwa la Wajerumani ila kwa maafisa. Askari wake wa kwanza walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri na vijana walioletwa kutoka kusini mwa Msumbiji. Wenyeji waliongezwa baadaye. Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri akasalimu amri mwaka uliofuata. Habari za vita hivyo zimehifadhiwa kwa Kiswahili katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, ambao Allen aliuchapisha mwaka 1955. Tutaurudia. Wissmann alifariki mwaka 1905, mwaka ule ule vita vya Maji Maji vilipozuka. Sanamu yake ilipozinduliwa mwaka 1909, mashamba ya kusini yaliyochomwa moto yalikuwa bado hayajapona.

Sasa tuitazame kazi ya Kürle. Sisi wa Lualaba twaijua kwa picha, na picha zenyewe ni nyingi, za Dar es Salaam na za Hamburg. Wissmann amesimama juu ya jiwe, amevaa kofia ya jua na sare ya kikoloni, mkono umeshika upanga. Macho yake yanakwenda mbali, juu ya vichwa vya wapitao. Chini yake, nje ya jiwe la juu, yupo askari Mwafrika. Huyu hatazami mbali. Ameinua uso kumtazama bwana wake, na wakati huo huo anaitandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba anayekufa. Watu wawili, mnyama mmoja na kitambaa: hivyo ndivyo vipengele vya kazi nzima.

Kifani, kazi hii ina akili kuliko inavyodhaniwa, na mhakiki asiwe mwepesi wa kuidharau kwa kuwa anachukia maudhui yake. Kürle angeweza kumsimamisha Wissmann peke yake, kama walivyosimamishwa majenerali wengi wa Ulaya. Aliona kwamba jenerali peke yake haelezi ushindi. Ushindi huhitaji anayeukiri. Kwa hiyo alitengeneza njia ya macho: mtazamaji aliyesimama uwanjani hukutana kwanza na simba, kisha bendera, kisha mikono ya askari, kisha uso wake ulioinuka, na uso huo ndio unaompeleka mtazamaji juu kwa Wissmann. Bila askari jicho lingebaki chini. Huyo askari ndiye kiungo cha sentensi nzima, ndiye kitenzi chake, wala si pambo la pembeni.

Simba ni mfano rahisi, hata wa kuchosha. Kila dola ya Ulaya ilikuwa na simba wake. Lakini angalia nani anamfunika. Si Wissmann. Kazi ya mikono, kama kawaida, imeachiwa Mwafrika. Msanii aliyekusudia kumsifu mshindi ametuambia bila kukusudia jinsi vita vile vilivyopiganwa: bwana alisimama, wengine wakafanya. Ndipo tunapoona upungufu mkubwa wa kazi hii, nao ni wa kimaudhui na wa kisanaa kwa pamoja. Askari huyu ana misuli, ana sare, ana mkao, ila si mtu mahsusi. Wissmann ametengenezwa afanane na Wissmann, waliomjua walimtambua. Askari ametengenezwa afanane na askari. Jiwe lina jina moja tu.

Hapa lugha yenyewe inatusaidia kufikiri. Neno askari, tulilolipata kutoka Kiarabu, halibadiliki kwa umoja na wingi: askari mmoja, askari mia. Ni upatanisho wa kitenzi tu, a- au wa-, unaotujulisha kama tunasema juu ya mtu au juu ya kikosi. Shaba haina upatanisho. Kürle amesubu umbo la mtu mmoja, lakini amelipa maana ya wingi: askari huyu ni askari wote, watiifu wote, Waafrika wote walioshukuru. Wajerumani walilichukua neno hilo kama lilivyo, na wakalifinya. Kwetu askari ni yeyote alindaye au apiganaye: wa jeshi, wa polisi, wa barabarani, mlinzi wa lango la duka. (Katika Kiswahili cha Katanga neno soda, la asili ya Kifaransa, limemnyang'anya askari sehemu kubwa ya kazi yake, na askari tunakutana naye zaidi vitabuni.) Katika Kijerumani askari alibaki kuwa mtu wa aina moja tu: Mwafrika mwenye sare aliye mwaminifu kwa bwana wake mpaka kufa. Hekaya ya uaminifu huo ilihitaji mtu asiye na jina. Mwenye jina ana mama, ana deni, ana madai, na anaweza kuasi.

Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 waliishusha sanamu ya Wissmann na kuipeleka London kama nyara. Mahali hapo, mwaka 1927, waliweka sanamu nyingine ya shaba, na hii ingali ipo: Sanamu ya Askari katika makutano ya barabara ya Samora, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Askari wa Stevenson amesimama peke yake, amepiga hatua, bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini. Hakuna tena wa kumtazama kwa juu. Mabadiliko haya si madogo, na sikubaliani na wanaoziona sanamu hizi mbili kuwa ni propaganda ile ile iliyobadilishiwa bendera. Stevenson ameupa mwili wa askari uzito, hatua na nia yake mwenyewe. Huyu anajua aendako.

Walakini naye hana jina. Maneno ya ukumbusho, yaliyoandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, yalitungwa na Rudyard Kipling, na jina la Kipling laelezwa kwa kila mgeni. Msanii alikuwa na majina mawili hata, kwani kazi zake alizitia sahihi kwa jina la Myrander. Nairobi walisimamisha watu watatu, mmoja wao mpagazi, jambo la haki kwa kuwa wapagazi ndio waliokufa wengi zaidi katika vita vile. Nao pia hawana majina. Kwa upande wetu, majeshi ya Kongo yaliyoingia Tabora Septemba 1916 yaliongozwa na Charles Tombeur, aliyekuwa mkuu wa serikali Katanga kabla ya vita. Alipopewa ukabaila alijiita Tombeur de Tabora. Mji mzima uliongezwa katika jina la mtu mmoja, ilhali mamia ya maelfu waliobeba mizigo yake hawakuongezewa hata herufi.

Msomi mwenzangu mmoja amenipinga kwamba kutokuwa na jina si tusi. Baada ya vita vya 1914–1918 mataifa ya Ulaya yenyewe yalijenga makaburi ya askari asiyejulikana, na huyo huheshimiwa kuliko majenerali. Hoja hii ina nguvu, na inastahili jibu. Askari wa makaburi yale hajulikani kwa sababu jina lake limepotea: mwili ulipatikana, kitambulisho hakikupatikana, na taifa likakiri upotevu huo mbele ya watu wote. Askari wa Kürle hakupotezewa jina. Jeshi la kikoloni lilikuwa na daftari za mishahara. Kila askari aliandikwa, alihesabiwa, alikatwa faini kwa jina lake. Jina lilikuwapo ofisini, halikutakiwa uwanjani. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa.

Na daftari zile zilikuja kudaiwa. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba huko Mwanza, kwa kuwa wengi hawakuwa na hati, ofisa aliyeleta fedha alimpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki; na kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Hadithi hii hupenda kusimuliwa kwa kicheko. Kwa mhakiki wa sanamu haichekeshi. Baada ya nusu karne mzee anaombwa athibitishe kuwa ni yeye kwa kusimama kama sanamu.

Turudi katika ua wa Hamburg. Jengo kuu la chuo, lililofunguliwa mwaka 1911, lilitumiwa kwanza na Taasisi ya Kikoloni, na Chuo Kikuu kilipoundwa mwaka 1919 kikalirithi pamoja na walimu wake. Ujerumani ilikuwa imekwisha kupoteza makoloni. Kwa hiyo sanamu iliyowekwa pale 1922 ilibadilika maana bila kubadilika umbo: Dar es Salaam iliwaambia watawaliwa kuwa wametawaliwa, Hamburg iliwaambia wanafunzi wa Kijerumani kuwa wamenyang'anywa. Askari yule aliyeinua uso alikuwa sasa shahidi wa mashtaka hayo, kana kwamba yeye ndiye aombaye bwana arudi. Mwaka 1935 ikaongezwa sanamu ya Hans Dominik wa Kameruni, ua ukawa na mabwana wawili.

Kabla ya hapo, katika taasisi hiyo hiyo, alifundisha Mswahili: Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pande za Bagamoyo. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Alipotaka kurudi kwao mwaka 1905 pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya koloni ilimzuia kushuka pwani ya kwao. Baadaye alifanya kazi Hamburg pamoja na Meinhof hadi mwaka 1913. Ujuzi wa lugha uliwatoka watu kama yeye, vyeo vikawaendea wengine. Wanaisimu tunafahamu vizuri mkao huo: mmoja juu atazamaye mbali, mwingine chini afanyaye kazi.

Wanafunzi walijaribu kumwangusha Wissmann mwaka 1967 na wakafaulu, chuo kikamsimamisha tena. Mwishoni mwa Oktoba 1968 wakamwangusha mara ya mwisho, na Dominik pia, na chuo hakikuthubutu kuwarudisha. Sanamu ilipelekwa kuhifadhiwa Bergedorf, katika jengo la watazamaji wa nyota. Tendo lile lilikuwa la haki, na kwa wakati wake lilihitaji ujasiri. Kama uhakiki, hata hivyo, halikutosha. Kamba hufungwa shingoni mwa aliye juu. Aangushaye sanamu anaendelea kuzungumza na bwana, anamjibu bwana, na askari anabaki pale pale alipowekwa na Kürle: mtu wa pili katika mazungumzo ya watu wengine. Msanii Jokinen aliyemsimamisha tena Wissmann kwenye bandari ya Hamburg tangu 2004 hadi 2005, akiwauliza watu kwa njia ya intaneti wafanye nini na sanamu hiyo, alifungua mjadala mzuri. Lakini swali lilikuwa tena juu ya Wissmann.

Jibu la kweli kwa kazi ya Kürle, kwa maoni yangu, liko Berlin, nalo ni dogo mno. Katika mtaa wa Brunnenstraße, chini, kati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu, kuna kibamba cha sentimita 10 kwa 10 kilichowekwa mwaka 2007. Ni kazi ya Gunter Demnig, msanii aliyeanza katika miaka ya 1990 kuweka mbele ya nyumba za watu waliouawa na Manazi vijiwe ambavyo Wajerumani huviita mawe ya kujikwaa. Leo hii vimepita 100,000 katika miji mingi ya Ulaya. Kibamba hiki kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen.

Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani wa jeshi la Wajerumani. Ikiwa yule wa Kürle alikuwa na mtoto, huyu angekuwa umri wake. Aliingia vitani mwaka 1914 akiwa na umri wa miaka kumi, akajeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Baada ya vita alitumika melini, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake ambao haukulipwa. Huyo ndiye askari aliyetoka ndani ya shaba: hakuinua uso kushukuru, alinyosha mkono kudai. Wizara ilimkatalia. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza katika filamu, na kwa takriban miaka kumi akafundisha Kiswahili katika seminari ile ile ya Berlin alikofundisha Mtoro. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 Gestapo ilimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, ikampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Kati ya filamu zake za mwisho ni ile ya kumtukuza Carl Peters. Humo alicheza tena, mbele ya kamera, nafasi ambayo Kürle aliimwaga katika shaba.

Kibamba cha Demnig si cha shaba na bati bali cha shaba na zinki, ule mchanganyiko wa manjano. Sisi tulio karibu na Kipushi zinki tunaijua pia. Herufi zake hazikumiminwa. Zimegongwa moja moja kwa nyundo, kwa ufundi ulio karibu zaidi na picha za shaba za Lubumbashi kuliko na sanamu za viwanja. Kila kitu kimegeuzwa: hakuna mwili, kuna jina, hakuna kuinua shingo, mwenye kusoma huinama. Shaba ya Wissmann ilifanya ukoga wa kijani kwa kuachwa; hii hung'aa kwa kupitiwa na nyayo na kwa wenyeji wanaojitolea kuipiga msasa. Tena haimwambii mtu atazame wapi. Ni mtu binafsi akumbukwaye mbele ya mlango wa nyumba yake.

Nayo ina kasoro. Kanuni ya Demnig ni kusema kwamba hapa aliishi fulani, alizaliwa mwaka gani, alikamatwa lini, aliuawa wapi. Kanuni hiyo humpa kila mtu jina na kifo, lakini huupita uhai. Apitaye Brunnenstraße hatajua kwamba aliyekaa nyumba hiyo alikuwa mwalimu wa Kiswahili, wala kwamba wengi wa Wajerumani wa kizazi kile waliojifunza salamu zetu walizisikia kinywani mwake. Jina limerejeshwa, kazi bado. Hapa ndipo utenzi wa Hemedi bin Abdallah unapoizidi shaba ya aina zote mbili: huwataja watu wa Mrima kwa majina yao, na pamoja na majina huwapa vitendo.

Jambo hili si la Ujerumani tu. Miji ya Lualaba inapanuka, na mji unaopanuka hutamani sanamu. Si vigumu kubashiri nani atasimamishwa: mchimbaji, mwenye kofia ngumu na sururu, kifua wazi, uso ulioinuka. Atakuwa mchimbaji, yaani wachimbaji wote, yaani hakuna. Wazee wetu wa kambi za Union Minière waliitwa kwa nambari zao za kazi, na nambari hizo zilikuwa na majina pembeni yake, katika daftari zinazofanana na zile za askari. Msanii wetu atakayepewa shaba hiyo ana uhuru wa kuamua kama ataanza na mkao au na daftari. Ningependa kuona Musonoi ukuta wa mabamba yaliyogongwa kwa nyundo na mafundi wetu, wenye majina na kazi za watu, mtu wa mashine, mtu wa reli, mpishi wa kambi, kuliko jitu moja la shaba katikati ya barabara.

Na kwa idara zetu za Kiswahili kazi inaweza kuanza bila shaba yoyote, katika maktaba. Kitabu cha *Desturi za Waswahili* kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 kikiwa na jina la Carl Velten, mkusanyaji. Sehemu kubwa yake iliandikwa na Mtoro, na hata leo wanafunzi wengi hukitaja katika tasnifu zao kwa jina la Velten. Toleo la Kiingereza lililotafsiriwa na Allen na kutolewa California mwaka 1981 lilimtaja mwandishi katika jina la kitabu: ni desturi zilizoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, na Waswahili wengine. Hao wengine hawakutajwa kwa majina yao katika jina la kitabu.